Leokadia Aliponiwahi

Leokadia alizikwa mwezi uliopita kule Rusimbi, nami nilikuwepo. Binti yake mkubwa ndiye aliyenipigia simu huku Kasulu ninakoishi, sauti imemkauka kwa kulia. Aliniambia mama yake alianguka jikoni asubuhi akipepeta mchele, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshakata roho. Aliniita mama mdogo, akaniomba kwa niaba ya familia niseme maneno machache kabla ya kwenda makaburini, kwa kuwa watu wote wanajua kwamba mimi ndiye yule rafiki ambaye marehemu alimwokoa ziwani. Nilimwambia nitakuja. Siku ya mazishi, nilipopewa kipaza sauti chini ya turubai, nilisema kwamba marehemu na mimi tulikuwa vijana pamoja, tulikaa chumba kimoja Ujiji na kufundisha shule moja, na kwamba alikuwa na sauti nzuri kuliko wote kwenye kwaya. Kisha nikarudisha kipaza sauti, nikaenda kukaa mkekani. Mwanamke mmoja nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake kwamba maskini, uchungu umemzidi. Haukuwa uchungu. Nilikuwa nimefika mwisho wa mambo ambayo ningeweza kuyasema juu ya Leokadia bila kusema uongo, na bila kumvunjia heshima binti yake mbele ya jeneza. Yaliyobaki nimeyaandika hapa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Mimi na Leokadia tuliajiriwa pamoja kufundisha watoto wadogo katika shule ya awali ya kanisa moja pale mjini, tukapanga chumba Ujiji kwa Bi Mwamvua, mjane aliyekuwa akiuza vitumbua barazani kwake. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi yaliyopakwa chokaa, na korido ndefu iliyopita katikati mpaka uani. Kuta za vyumba hazikufika kwenye bati, ziliishia njiani, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa kama chumba kimoja kikubwa. Ukikohoa kwako, Bi Mwamvua alikupa pole akiwa kwake. Alikuwa akiswali huku sisi tunafanya mazoezi ya nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini, na akimaliza alituuliza mbona tumeacha ule wimbo wa pili, ndio aliokuwa anaupenda. Leokadia alimzoea tangu siku ya kwanza. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwepesi wa kuomba chumvi na mwepesi wa kuomba radhi, na alikuwa na namna ya kumshika mtu mkono wakati anazungumza naye, mtu akajiona ndiye pekee duniani. Jioni alipika migebuka, samaki wa ziwani kwetu. Aliikaanga kwanza, kisha akaiunga kwa nyanya na mawese mpaka mchuzi ukawa mwekundu, nami nikasonga ugali wa muhogo. Tulikula sinia moja. Nilimweleza kila kitu, hata mambo ambayo mtu huwa hayasemi kwa sababu hayana maana. Sikuwa na mtu mwingine niliyemwamini kiasi kile, wala sikuona haja ya kuwa naye.

Katikati ya mwaka, shule zilipofungwa, tulikwenda kwenye harusi ya mwalimu mwenzetu katika kijiji kimoja cha mwambao, upande wa kaskazini, ambako barabara ilikuwa haijafika. Watu walisafiri kwa boti za mbao zinazotoka Kibirizi. Kwenda tulikwenda tukiimba. Kurudi, asubuhi, boti ilipakiwa magunia ya dagaa wakavu mpaka kingo zikakaribia maji, na sisi abiria tukakaa juu ya magunia. Watu wa mbali wanaposikia neno ziwa hufikiri ni bwawa kubwa lililotulia. Upepo ulituinukia tukiwa tumeshaiacha nchi kavu mbali, mawimbi yakaanza kuingia ndani, nahodha akageuza boti atafute ufukwe, na katika kule kugeuza wimbi likatupiga ubavuni. Nakumbuka gunia likiniteleza chini ya miguu. Nakumbuka mtu akiita jina la mwanawe. Nilipoibuka nilimwona Leokadia hatua chache tu kutoka kwangu, amekumbatia dumu la njano lililokuwa tupu na limefungwa kizibo. Nikamfikia, nikalishika na mimi. Dumu likazama kidogo, maji yakamfika mdomoni. Tulikaa hivyo kwa muda, tunakohoa, tunatazamana. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Domi, niachie."

Nilidhani ananiambia nisogee. Akaanza kunibandua vidole, kimoja kimoja, huku akinitazama usoni. Mkono uliponitoka akanisukuma kwa mguu, nikazama. Niliporudi juu nikagusa ubao wa kukalia uliokuwa umeng'oka kwenye boti, nikaulalia kifudifudi, nikaupigia makasia kwa mikono bila kujua naelekea wapi. Wavuvi waliokuwa wakirudi nyumbani ndio waliotukuta. Walianza kumwopoa yeye, na yeye, hili ni kweli na sijawahi kulikana, ndiye aliyewaonyesha mahali nilipo. Aliwapigia kelele kwamba rafiki yangu yule pale, mfuateni. Nilivutwa ndani ya mtumbwi wao nikamkuta amejifunika turubai, analia. Alinikumbatia. Wapo wenzetu wa boti ile ambao hawakuopolewa na mtu yeyote, na waliopatikana baadaye walizikwa kule kule mwambao.

Habari ilifika Ujiji kabla yetu. Watu walijaa kwa Bi Mwamvua wakitaka kusikia, na msimulizi alikuwa Leokadia, kwa sababu mimi nilikuwa nimelala nikitazama ukuta. Siku ya kwanza alisimulia jinsi alivyowaonyesha wavuvi nilipo. Baada ya wiki alikuwa ananisukumia ubao. Jumapili iliyofuata alitoa ushuhuda kanisani, mimi nikiwa nimesimama pembeni yake, na katika ushuhuda ule alikuwa amenishika mkono majini muda wote akiniambia nisikate tamaa. Watu walipiga makofi. Alinibana mkono wangu, nami sikuutoa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuutoa. Nadhani nilikuwa nimeshamaliza kumtetea moyoni. Nilijiambia kwamba anayezama si mtu tena, ni mikono tu, na mikono haina rafiki. Nilimwelewa. Nilichokuwa nikingoja ni neno moja tu kutoka kwake, tukiwa peke yetu, hata kama ni la kusema kwamba siku ile ilikuwa mbaya. Neno hilo halikuja, na kila siku iliyopita ilifanya kuja kwake kuwe kugumu zaidi.

Usingizi ulinihama tangu wiki ile. Sikuwa na ndoto mbaya, kwa sababu sikufika kwenye ndoto. Kila nilipoanza kusinzia mwili ulishtuka kana kwamba umekanyaga mahali pasipo na chini, moyo ukaanza kwenda mbio, nikakaa kitandani nikiwa nimelowa jasho. Leokadia alikuwa akilala kitanda cha pili, ameviringisha shuka miguuni kama kawaida yake, anapumua vizuri. Mchana haukuwa afadhali. Hakuna nyumba Ujiji isiyo na madumu ya njano, na mimi nilikuwa siwezi kuyatazama. Nikiona wanawake wamepanga foleni bombani na madumu yao, vidole vilianza kuuma, kweli kabisa vikauma kwenye vifundo. Leokadia akaanza kunichotea maji. Akanifulia, akanipikia, akaniwekea chakula mbele yangu na kukaa mpaka nimekula. Majirani walisema rafiki wa namna hii hazaliwi mara mbili. Nilikula migebuka aliyoipika, nikamshukuru.

Shule zilipofunguliwa nilijikokota kwenda kufundisha. Nilisahau maneno ya nyimbo ambazo watoto wenyewe walizijua. Nikiwa nimesimama ubaoni nilihisi sakafu inapanda na kushuka. Siku moja mtoto wa kike alikuja kwa nyuma kunionyesha jino lililong'oka, akanishika vidole, na mimi nikapiga ukelele uliowafanya watoto wote walie. Mwalimu Mkuu alikuwa mzee mpole. Alinipa maji, akaniambia nikapumzike siku chache. Bi Mwamvua alisema hiyo ni malaria ya kichwani na akanipeleka hospitali mwenyewe, amevaa baibui lake jipya kama mtu anayekwenda harusini. Malaria haikuonekana. Daktari kijana aliyenipima aliniuliza ninalalaje. Nilipojaribu kumjibu nilishindwa, nikaanza kulia. Hakunipa dawa. Aliandika jina la mama mmoja kwenye karatasi, akasema ni mshauri nasaha, anakaa chumba cha mwisho baada ya stoo, niende nikaongee naye.

Nilipomwambia Leokadia, uso ulimbadilika. Alisema chumba kile ni cha wakimbizi wa kambini walioona vita, na wale ambao akili zimewaruka, na kwamba mtu akionekana anaingia pale mji mzima utajua. Mwalimu wa watoto wadogo hawezi kujiwekea doa kama hilo. Alinishauri niende nyumbani kwetu nikapumzike hata mwaka mzima, au niongezewe maombi. Nilidhani anaona aibu kwa niaba yangu. Alinishika mkono alivyozoea, akanisihi nisiende. Nilikwenda kwa sababu moja tu, kwamba nilikuwa nimechoka kiasi cha kutojali mji mzima unajua nini.

Mshauri yule aliitwa Spesioza. Alikuwa mama wa makamo, Mrundi aliyevuka mpaka akiwa msichana, akasomea kazi ile, akawa anagawa wiki yake kati ya kambini na hospitali ya mjini. Chumba chake kilikuwa kidogo, kinanukia maboksi na dawa ya kusafishia vidonda, na ndani yake hamkuwa na meza, ila viti viwili vya plastiki na dirisha lililoonyesha ziwa chini kule bandarini. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama ningependa kukaa nikitazama dirisha au nikitazama mlango. Nikachagua mlango. Cha pili alichosema ni hiki: "Utakachoniambia humu, mwalimu, hakitoki na mimi. Kikilazimika kutoka kwa sababu maisha yako yapo hatarini, nitakwambia wewe kwanza." Aliyasema polepole, kwa lafudhi ya kwao, kisha akanyamaza. Nilikuwa nimezoea watu wanaoninyamazia kwa huruma. Ukimya wake haukuwa huo. Ulikuwa wa mtu aliyekuwekea kiti na anangoja ukae.

Wiki za mwanzo tulizungumza juu ya usingizi tu. Nilitegemea aniambie nisahau, nimwombe Mungu, niache mawazo mengi, kama nilivyokuwa nimeshaambiwa na kila mtu. Yeye aliniuliza nakwenda kitandani saa ngapi. Nilimwambia nakwenda mapema, jua likishazama tu, nikauwinde usingizi. Akasema niache kuuwinda. Niende kitandani nikiwa nasinzia kweli, na kitanda kiwe cha kulala tu, kisiwe mahali pa kulia na kuwazia. Nikiona silali, niondoke, nikae kwenye kigoda nichambue maharage mpaka macho yawe mazito. Niamke kila siku na adhana ya alfajiri, nilale nisilale, na mchana nisijinyooshe hata nikichoka vipi. Chai ya jioni niiache. Alinifundisha kupumua, kuvuta kidogo na kutoa kwa muda mrefu, kama mtu anayepuliza uji usimwunguze mtoto. Nilimuuliza kama kweli ugonjwa wangu unaweza kuondoka kwa maharage na pumzi. Alicheka kidogo. "Mwili wako bado haujaambiwa kwamba umefika nchi kavu," alisema. "Tutauambia. Buhoro buhoro." Hilo ni neno la kwao la polepole, na sisi Waha, majirani zao, tunalielewa bila kufasiriwa.

Nilifanya bila kuamini. Bi Mwamvua aliona ajabu kuamka kila siku na kukuta maharage yake yote yamechambuliwa, akaanza kuniletea na mchele. Baada ya muda nilianza kupata vipande vya usingizi, vifupi na vilivyokatikakatika, lakini vya kweli. Ndipo Spesioza akaniomba nimsimulie ajali. Nilimsimulia. Wiki iliyofuata akaniomba tena, na nyingine tena, kila mara akiuliza niliona nini, nilisikia nini, mwili ulihisi nini na wapi. Nilianza kuona anarudia kama mtu asiyesikia, mpaka siku aliponiambia, kwa upole uleule, kwamba kila nikifika kwenye dumu naruka, halafu najikuta kwenye ubao. Akauliza hapo katikati nilipitaje. Nilitazama mlango. Kisha nikamwambia. Nilimwambia jina langu lilivyoitwa, na vidole vilivyobanduliwa, na macho. Hakuguna wala kusema maskini. Nilipomaliza alisema, "Ihangane," ambalo kwao ni pole na pia ni vumilia, akaniachia nikae mpaka nilipokuwa tayari. Nilimuuliza kama ananiamini. Alinijibu kwamba hana sababu ya kutoniamini. Nikamwambia wakati mwingine mimi mwenyewe sijiamini, nadhani labda ni maji yaliyonitungia. Alisema tutaliweka hilo swali hapo, halitakimbia.

Miezi ile ndiyo iliyonifundisha kwamba tiba ya mazungumzo si mazungumzo matupu. Alileta dumu la njano chumbani, akaliweka mbali pembeni, tukaongea kama halipo. Wiki nyingine likasogea. Wiki nyingine nikaweka mkono juu yake na kusimulia kila kitu toka mwanzo mpaka mwisho, moyo ukienda mbio na kisha, kwa mara ya kwanza, ukichoka kwenda mbio na kutulia wenyewe huku mkono wangu ukiwa pale pale. Niliporudi siku ile nikachukua ndoo, nikaenda bombani nikajichotea maji. Bi Mwamvua alishangilia aliponiona naingia na ndoo kichwani. Leokadia alikuwa barazani. Aliniuliza huko hospitali huwa tunaongea nini hasa. Nikamwambia tunaongea juu ya usingizi. Aliuliza tena kesho yake, na kesho kutwa.

Muda si mrefu Mwalimu Mkuu aliniita. Hakuwa na furaha ya kusema alichotaka kusema. Alinieleza kwamba wazazi wamepata habari kuwa nahudhuria matibabu ya akili, na wengine wanaogopa kuniachia watoto. Alisema mtu aliyemletea habari hizo alizileta kwa upendo, akiniombea nipewe muda wa kutosha wa kupona. Darasa langu lingeunganishwa na la Leokadia kwa wakati huo. Nilirudi nyumbani nikiwa sijui natembea au nimesimama. Leokadia alilia kuniona nalia. Alisema atanishikia mahali pangu na kuwalea watoto wale kama wake, akapika jioni ile kwa mawese ya kutosha kama siku ya sikukuu, akanimegea tonge kwa mkono wake.

Ukweli niliupata alasiri moja ya kawaida. Nilikuwa chumbani nimekaa kwenye kigoda nashona upindo wa gauni, kimya kabisa. Leokadia aliporudi kutoka shule alidhani bado nipo hospitali, akapitiliza kwa Bi Mwamvua. Nilisikia akivua viatu. Nilisikia Bi Mwamvua akimkaribisha kahawa. Kisha Leokadia akashusha sauti, lakini katika nyumba ile kushusha sauti hakukusaidia kitu. "Mama, nakwambia kwa sababu wewe ndiye mzazi wetu hapa," alisema. "Lile ziwa lilimwacha vibaya mwenzangu. Anajitungia mambo. Siku moja atakuja kukwambia kwamba mimi nilimbandua mikono kule majini ili afe. Akikwambia hivyo usimgombeze. Mhurumie tu." Bi Mwamvua akasema lahaula, maskini mtoto wa watu. Leokadia akaongeza kwamba hata Mwalimu Mkuu ameshamweleza, ili likitokea asishtuke.

Sindano ilibaki mkononi mwangu. Neno lile la kubanduliwa mikono sikuwa nimelitamka kwa mtu yeyote duniani isipokuwa Spesioza, na Spesioza hakumjua Leokadia hata kwa sura. Mpaka saa ile nilikuwa na shaka na kumbukumbu yangu mwenyewe, nikimwonea huruma rafiki yangu kwa jambo ambalo labda sikuliona sawasawa. Kumbe naye alilikumbuka. Alilikumbuka vizuri kuliko mimi, kitendo kwa kitendo, na katika miezi yote ile ya kunichotea maji na kunisubiri nimalize kula, alikuwa amekaa na kumbukumbu ileile kitanda cha pili. Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo na nimeona watu wakitendeana mabaya makubwa kuliko hayo. Lakini bado sijui baridi inayofanana na ile ya kugundua kwamba mtu anayekuuguza anajua hasa kinachokuumiza, na kwamba anakuuguza ili kisitoke.

Sikusema kitu siku ile wala iliyofuata. Nilikwenda kwa Spesioza nikamweleza. Nilitaka aniambie la kufanya, naye hakuniambia. Aliniuliza nahitaji nini kutoka kwa Leokadia, na nitakuwaje nisipokipata. Jumamosi, Bi Mwamvua akiwa sokoni, nilimkuta Leokadia uani akitoa matumbo ya migebuka kwenye beseni. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake, nikamwambia niliyoyasikia. Hakuinua uso. Kisu kiliendelea na kazi.

"Lile dumu lisingetubeba wote," alisema.

"Hilo nililielewa siku ile ile," nikamwambia. "Sijaja kukuuliza ya majini. Nakuuliza haya ya nchi kavu. Nilikukosea nini mpaka ukaniita kichaa?"

Aliweka kisu chini, akasuuza mikono. Nilidhani atakana, na nusu yangu ilikuwa inamwomba akane. "Ungesema siku moja," akajibu. "Hata ulipokuwa kimya, macho yako yalikuwa yanasema. Nilikuwa siwezi kuishi nikingoja siku hiyo. Ndiyo maana nikakuwahi."

Kisha akaanza kulia, akaniambia nisimwache, kwamba hana mwingine, na akanyoosha mkono wake wenye magamba ya samaki kutaka kunishika. Nilinyanyuka. Sikumtukana.

Niliamua kusema. Nilianza na Bi Mwamvua, kwa sababu ndiye niliyemtegemea zaidi, na kwa sababu nilitaka mtu mmoja mwenye mvi anijue kama nilivyo. Nilimwamkia, nikakaa mkekani kwake, nikamsimulia kwa mpangilio, bila kutetemeka, kama nilivyokuwa nimejifunza kusimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alinitazama kwa huruma kubwa mno, akanivuta kichwa kwenye bega lake, akaniambia, "Mwanangu, nilishaambiwa kwamba utasema hivyo." Na akaanza kunisomea dua. Nilibaki pale begani kwake, nikinusa iliki na moshi wa vitumbua, nikaelewa jinsi kazi ya Leokadia ilivyofanywa kwa ufundi. Kila nitakaposema kweli, ndipo nitakapokuwa nathibitisha uongo wake.

Nilimwomba Spesioza aende shuleni. Kabla ya kwenda alinihoji nataka aseme nini na nini asiseme, na alisema hayo tu: kwamba kukosa usingizi baada ya ajali ni jambo la kawaida na linatibika, kwamba naendelea vizuri, na kwamba naweza kufundisha. Mwalimu Mkuu alimpa chai na kumshukuru sana. Muhula mpya ulipoanza, darasa langu lilibaki kwa Leokadia. Nilimwambia Spesioza, kwa hasira ambayo kwa kweli haikuwa yake, kwamba tiba yake imenipa nini basi, kazi imekwenda, nyumba imenigeuka, na muuaji wangu anaimba kwaya. Hakujitetea. Akauliza jana nililalaje. Nikafungua mdomo nimjibu kwa ukali, na hapo hapo nikagundua kwamba nilikuwa nimelala. Nililala jana, na juzi, mpaka adhana ndiyo iliyoniamsha. Nilikuwa nimesalitiwa kuliko wakati wowote wa maisha yangu, na nilikuwa nalala, kwa sababu lile jambo sikuwa nikilibeba tena kwa kulikimbia. Nilimuuliza kama ni lazima nimsamehe Leokadia ili nipone kabisa. Akasema kusamehe ni kwangu, niamue nikitaka, mwaka wowote, au nisiamue kamwe. Usingizi haungoji hilo.

Mwisho wa mwaka nilipata nafasi katika shule moja huku Kasulu, nikahama. Bi Mwamvua alinifungia vitumbua vya njiani na aliniombea dua nyingi, naamini, mpaka alipofariki. Leokadia aliolewa, akazaa, akaheshimika, na nasikia alikuwa mwalimu mwema. Sikumwandikia, na salamu zake nilizipokea bila kuzirudisha. Usingizi umekaa nami mpaka leo. Ukiyumba, kama ulivyoyumba nilipofiwa na nilipozaa, najua njia ya kuurudisha. Kuamini watu kulichelewa zaidi. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mcheshi na kila mtu na sikumweleza mtu kitu.

Mwanamume aliyekuja kunioa, Elisha, fundi wa redio na mtu wa maneno machache, nilimweleza kabla sijampa jibu. Nilikuwa nimejiwekea kwamba akiniuliza kama nina hakika, au akisema labda rafiki yako hakukusudia, nitamshukuru kwa kunisikiliza na habari itaishia hapo. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za karakana yake, mchana, yeye ana redio iliyofunguliwa mapajani. Nilisimulia yote, boti, dumu, vidole, uani, Bi Mwamvua. Nilipomaliza nilimtazama mdomo wake nikingoja lile neno. Aliniuliza kama maji yalikuwa ya baridi.

Nikamwambia mwanzoni hapana, lakini baadaye yalikuwa ya baridi sana.